Neno Dogo Katikati ya Jina Langu

Kuna kipindi cha maisha yangu, kirefu kuliko ninavyopenda kukiri, ambapo niliamini kwamba baba wa babu yangu alikuwa Mkanada. Tena Mkanada Mfaransa, mtega wanyama wa manyoya, aliyelewa siku moja bandarini kwao akapanda meli isiyo yake, akashuka kwenye mdomo wa mto Kongo akidhani bado yuko nyumbani, ila hali ya hewa tu imebadilika. Kutoka hapo alitembea kwa miguu mpaka Katanga, amevaa koti la manyoya. Barafu iliyokuwa kwenye ndevu zake haikuyeyuka njiani. Iliyeyuka alipofika mtaa wetu kule Lubumbashi, yote kwa mpigo mmoja, na ndiyo sababu mtaa ule una matope mpaka leo.

Niliamini hayo yote nikiwa mtu mzima, mwenye mke, watoto watatu, na cheti cha matriki, cha kumaliza sekondari, nilichokipata shule ya usiku nikiwa na miaka thelathini na saba. Nataka hilo lieleweke. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na cheti.

Aliyeniambia ni kinyozi mmoja wa mtaa wa Rosettenville, hapa Johannesburg, Mkongo mwenzangu, anayenyolea kwenye chumba kilichobanwa kati ya duka la mikate la Wareno na fundi simu. Siku hiyo nilikuwa nimetoka kuchukua karatasi zangu mpya za ukaaji, na bahasha ilikuwa wazi mapajani. Kinyozi alisoma jina langu lote juu chini, mashine ikinguruma sikioni mwangu.

Jina langu lina vipande vitatu. Mwanzo kuna jina la ubatizo, la mtakatifu fulani ambaye hatujawahi kusumbuana. Mwisho kuna neno la Kifaransa, fontaine, ambalo kamusi yangu ya mitumba inasema ni chemchemi. Na katikati, kama mtu aliyekaa kiti cha nyuma kati ya wanene wawili, kuna neno dogo: dit. Kwa Kifaransa dit ni "aitwaye". Fulani aitwaye Chemchemi. Nililijua hilo tangu shule ya msingi na halikuwahi kuninyima usingizi.

Hapa Johannesburg lilinisumbua kwa namna nyingine. Kwa Kiafrikaans, dit ni neno la kutajia kitu kisicho mtu. Msimamizi wangu wa kwanza, nilipokuwa mlinzi kwenye jengo moja la ofisi, alikuwa mzee wa Kikaburu mwenye moyo mzuri na miwani mibovu. Akisoma orodha ya zamu asubuhi, akifika kwangu anasita, anainua kichwa, anauliza, "Na Hicho Kitu kiko wapi?" Nami najibu, "Hicho Kitu kipo, bosi." Tuliishi vizuri sana miaka sita.

"Hii dit umeitoa wapi, mkubwa?" kinyozi akaniuliza.

"Nimezaliwa nayo."

"Hapana. Mkongo hazaliwi na dit. Kaka yangu yuko Montreal mwaka wa tisa sasa. Ananiambia kule Wafaransa wa zamani wote wana dit. Fulani dit fulani. Ukiona dit, jua Kanada imepita hapo."

"Imepita wapi?"

"Kwenu."

Meli, ulevi na koti la manyoya vilikuja wakati ananyoa upande wa kushoto. Alipohamia kulia tulikuwa tumeshavuka Kasai. Barafu ya kwenye ndevu niliiongeza mimi mwenyewe njiani narudi nyumbani Troyeville, na nilipofika mlangoni nilikuwa nimeshaiamini kama yale mengine.

Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akafunika sufuria, akasema, "Na wewe ukanywa pombe hiyo hiyo ya bandarini."

Sasa lazima nieleze jinsi tunavyopeana majina kwetu, maana bila hilo mtu ataona ni kichaa tu. Kwetu mtoto hapokezwi jina la baba yake kama zamu ya ulinzi. Anapewa jina la mtu: babu, nyanya, shangazi, hata jirani aliyemkimbiza mama hospitali siku ya uchungu. Anakuwa wajina wa mtu huyo. Anambeba. Ndiyo maana mimi na ndugu zangu watano, wa tumbo moja na baba mmoja, tuna majina sita ya mwisho. Karani yeyote wa mji huu akituweka mezani pamoja anadhani ni timu ya mpira ya watu waliokutana stendi. Mara moja karani mmoja alimwambia mdogo wangu, kwa huruma kabisa, kwamba asilipie ada ya kuthibitisha undugu, kwa sababu ni dhahiri hatujuani.

Mimi nilipewa jina la babu, baba mzazi wa baba yangu. Nilipewa lote kama lilivyo kwenye kadi yake ya ubatizo, pamoja na ile dit, hakuna aliyethubutu kutoa kipande. Na kwa kuwa nambeba babu, binti wa babu ananiita papa, yaani baba.

Huyo ndiye shangazi yangu. Alitangulia Johannesburg kabla yangu, enzi ambazo Wakongo wa hapa tungeweza kukaa wote kwenye sebule moja na viti vikabaki. Nilipofika nikiwa na miaka ishirini na begi lililokatika mkono, alinipokea kwenye chumba chake cha Rosettenville. Cherehani ilikuwa na nafasi kubwa kuliko yeye. Nililala chini ya meza ya kukatia vitambaa mwaka mzima, na asubuhi naamka nimejaa nyuzi kama kuku aliyeanza kuota manyoya. Ananikung'uta kwa mkono akisema, "Papa, umechafuka," halafu ananipa chai. Nikikaa wiki mbili bila kwenda kumsalimu ananisema vibaya sana kwenye simu, kisha anaomba radhi kwa sababu amemsema baba yake.

Shangazi hakujaliwa mtoto. Na jina lake, kwa bahati tu, kwa mpangilio wa nani alizaliwa lini na nani alikufa mwaka gani, halikupata mtu wa kulibeba. Mabinti wa ndugu zangu wamechukua majina ya nyanya, ya wake wenza, ya mtawa mmoja wa misheni. La kwake lilibaki hivyo. Hakulalamika. Siku moja tu, akinipima suruali, pini mdomoni, alisema kana kwamba anasoma tepu: "Mimi nikienda, papa, nitakuwa nimeenda yote."

Nilimsikia. Nataka niseme nilimsikia vizuri. Kisha Kanada ikaingia katikati.

Shule ya usiku, mwalimu wetu wa historia, aliyekuja darasani na sandwichi yake kila jioni, alikuwa ametufundisha kwamba mtu haandiki historia kwa mdomo, anaandika kwa ushahidi. Basi nikaanza kutafuta ushahidi. Niliingia mtandaoni kwa kompyuta ya maktaba, baadaye kwa simu, nikakuta Wakanada Wafaransa ni watu wanaofuatilia mababu kuliko taifa lolote chini ya jua. Mtu anakuambia jina la mama wa mama wa mama yake mpaka mara kumi na moja, na kila mmoja alizaliwa parokia gani, na ng'ombe wake alikuwa na rangi gani. Ng'ombe nimeongeza.

Kwenye ukurasa wao mmoja nikaandika kwa Kifaransa changu cha shule: mimi ni mtu wa Johannesburg, natafuta ndugu zangu wenye jina hili lenye dit. Akanijibu mama mmoja, mwalimu mstaafu wa kule, ambaye ukoo wake ulikuwa na fontaine hiyo hiyo mwishoni. Alianza barua yake ya kwanza hivi: "Bwana mpendwa, labda binamu." Ile "labda" sikuiona kabisa. Niliona "binamu".

Nilimpenda yule mama. Aliandika taratibu, bila haraka, kama mtu anayemenya viazi. Alinieleza kwamba dit za kwao nyingi zilitoka kwa askari wa mfalme wa Ufaransa waliopewa majina ya jeshini. Mmoja anaitwa Bila-Wasiwasi, mwingine Moyo-Mzuri, mwingine Ua, ingawa ana kovu usoni. Vita vikaisha, wakapata mashamba, wakaoa, na jina la jeshini likashikana na jina la ukoo kwa kile kineno dit. Wengine walipata dit kwa sababu ya kazi, au mahali walipokaa. Watoto wao walichagua wanalotaka: huyu akafuata la mbele, yule akafuata la nyuma. Ndugu wa tumbo moja wakazikwa kwa majina tofauti.

Niliposoma hapo nilisimama katikati ya maktaba. Ndugu wa tumbo moja, majina tofauti. Ni sisi hao.

Na si hayo tu. Alinieleza kwamba kwenye vitabu vya kanisa vya kwao karibu kila mvulana alianzishiwa jina la mume wa Bikira, na karibu kila msichana jina la Bikira mwenyewe, ndipo linafuata jina la kuitwa nyumbani. Kwa hiyo padri angesimama mlangoni akaita jina moja tu, wilaya nzima ya wanaume ingeacha jembe ikaja. Na kwamba mwanamke wa kwao, hata akiolewa mara tatu, vitabu vinamwandika kwa jina alilozaliwa nalo mpaka kaburini. Kama mama yangu. Kama mke wangu, ambaye nilimwambia habari hizo nikitegemea afurahi, akasema, "Basi mimi ndiye Mkanada humu ndani."

Nikamtumia yule mama picha ya kadi ya ubatizo ya babu, ile ya karatasi nene iliyoliwa pembe na mende. Akajibu baada ya siku mbili. Alisema kadi ni nzuri mno, na mwandiko wa padri ni wa kupendeza. Akasema meli haioni. Kisha akauliza: "Babu yako alifanya kazi gani? Na je, kuna mtu aliye hai anayemkumbuka? Muulize yeye kwanza."

Ukitazama maswali hayo leo unaona kila kitu kimo humo. Mimi nilimjibu palepale: mtega wanyama wa manyoya, kwa urithi.

Lakini kwa kuwa mwalimu wa historia alisema ushahidi, nilikwenda kwa shangazi Jumapili baada ya ibada. Alikuwa anashona sare za kwaya, akina mama kumi na nane, rangi ya zambarau. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Shangazi, baba yako alikuwa na ndevu?"

"Alikuwa nazo."

"Nyingi?"

"Za kutosha."

Nikaandika kwenye daftari.

"Alivumilia baridi?"

"Papa, yule alishinda na maji mchana kutwa. Angeacha kuvumilia baridi angekula nini?"

Nikaandika: maji. Nikapigia mstari. Bahari, meli, kila kitu kinakaa mahali pake. Yeye alinitazama juu ya miwani, mguu umesimama kwenye pedali. Nadhani alikuwa anasubiri swali lingine. Nikamuuliza kama alikuwa mweupe.

"Baba yangu?" Akacheka mpaka akatoa kitambaa chini ya sindano. "Ungemweka kando ya sufuria, ungemwosha yeye."

"Ni jua la Katanga," nikamwambia. "Vizazi viwili tu, jua linamaliza."

Hakubisha. Alirudisha kitambaa, akaendelea na mshono.

Majira ya baridi ya mwaka ule niliishi kama Mkanada. Mtu asiyejua baridi ya Johannesburg mwezi wa Juni anadhani Afrika ni joto. Aje asimame kwenye robot, taa za barabarani, ya Bez Valley saa kumi na mbili asubuhi, aone nyasi nyeupe na wauza magazeti wanaotoa moshi kama magari. Nilitoka nyumbani na shati la mikono mifupi. Majirani wananiuliza, nawaambia damu yangu haiogopi. Siku ya nne nilikuwa kitandani na homa iliyotikisa kabati, na mke wangu akinipaka dawa ya kifua aliwaambia waliokuja kuniona kwamba wanyamaze, mgonjwa anasikiliza kwao Kanada.

Mwaka huo huo binti yangu mkubwa alikuwa mjamzito. Alizaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, hata kile tunachonong'ona, lakini anajibu kwa Kiingereza chenye Kizulu ndani. Hapa nitamwandika kwa Kiswahili ili twende pamoja. Mume wake ni kijana wa Soweto, mpole, mtoto wa watu. Wakaja wazazi wake, tukakaa, tukala, mambo yakapangwa. Jina la mwisho ni la ukoo wao, kama desturi ya hapa. Jina la kwanza angelitoa mama mkwe, la Kizulu. Katikati pakabaki nafasi moja, ndiyo yetu. Nafasi moja tu.

Binti yangu alitaka iwe ya shangazi. Aliniambia wazi, tukiwa jikoni. "Papa, yeye hana mtu. Mimi nimelelewa kwenye ile meza ya vitambaa. Kama ni msichana, nataka awe yeye."

"Ni wazo zuri," nikasema. "Lakini fikiria kwa upana. Huyu ni mjukuu wangu wa kwanza. Ukoo wetu umetoka mbali. Tukimpa jina la Kikanada, siku moja atakwenda kule atapokelewa."

"Jina gani la Kikanada?"

"La kwetu. Kwa msichana, dit inakuwa dite. Dite Chemchemi. Nimemuuliza mama wa Kanada, ni sahihi kabisa."

Aliweka mikono juu ya tumbo. "Eish, papa. Mimi niliitwa binti wa Hicho Kitu mpaka darasa la saba. Unataka na huyu?"

"Yeye ana e mwishoni."

"Watoto wa shule hawataona e."

Nikakasirika kidogo, na mimi nikikasirika kidogo nyumba nzima inajua. Nikasema mambo kuhusu heshima ya mababu. Nikasema jina la shangazi tunaweza kumpa mtoto wa pili. Binti yangu akasema shangazi ana miaka sabini na nane. Nikafungua friji.

Kibaya zaidi ni kwamba shangazi mwenyewe aliyajua yote. Kwenye jamaa yetu hakuna neno linalolala nje. Alikuwa ameshaanza kushona nguo za mtoto, vigauni vidogo kama mifuko ya chumvi, na shuka moja laini ambalo kwetu huandikwa jina kwa uzi kwenye kona. Nilipokwenda kumsalimu lilikuwa mapajani kwake, sindano imeshatiwa uzi.

"Niandike nini hapa, papa?"

Na mimi, niliyekung'utwa nyuzi naye mwaka mzima, nikamjibu, "Subiri kidogo, shangazi. Kanada haijajibu."

Akatoa uzi kwenye sindano, akauzungusha kwenye kidole, akauweka kwenye kopo. "Sawa," akasema. "Waache wajibu." Akaniuliza kama nimekula.

Nimekuwa na siku nyingi ambazo ningependa kuzirudia, mojawapo ni ya kufunga goli langu mwenyewe mbele ya wakwe. Hii inaipita hiyo.

Mtoto akazaliwa mwezi wa Septemba, msichana, kilo tatu na mdomo mpana wenye kujua unataka nini. Mama wa Kanada aliniandikia pongezi. Akasema tena, kwa upole wake, kwamba amepitia kila kitabu cha parokia alichonacho na hajaona mtu wa ukoo wao aliyepotea upande wa Afrika. "Lakini binamu labda," aliandika, "unajua sasa jina la huyo baba wa babu yako? Bila jina siwezi kumtafuta." Lilikuwa swali la haki. Sikuwa nalijua. Mkanada wangu alikuwa na meli, koti, ndevu na barafu, ila jina la ubatizo hakuwa nalo.

Nikaona jawabu ni shangazi. Jumamosi moja asubuhi nikachukua daftari langu nikaenda Rosettenville. Niliazimia nirudi na jina kamili, niandike Kanada, nipate jibu, na tuende ofisi ya vizazi kabla siku za kuandikisha hazijaisha.

Mlango ulikuwa wazi. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu. Cherehani imefunikwa, jambo ambalo kwa miaka yote sijawahi kuliona mchana. Na shangazi alikuwa kwenye kiti chake na mtoto mikononi, wanatazamana kama watu wawili waliokutana foleni wakagundua ni wa kijiji kimoja.

"Papa, karibu," shangazi akasema, bila kuinua macho. "Njoo unione. Kumbe nina pua hii."

Nikasimama hapo na daftari langu.

"Na nalia sana," akaendelea. "Binti yako anasema jana nimelia kutwa. Mimi sikujua kama nilikuwa na sauti kubwa hivyo."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anatazama kucha zake, lakini alikuwa anatabasamu.

"Umefanya nini?"

"Hospitali walikuja na fomu mpaka kitandani, papa, siku ya pili. Waliuliza jina la katikati. Nikaandika."

"Bila mimi?"

"Wewe ulikuwa Kanada."

Sitadanganya, iliniuma. Iliniuma kwa muda ambao maji ya chai huchukua kuchemka, nasema hivyo kwa sababu binti yangu aliinuka kuyatia jikoni nami nikayasikiliza. Nilikuwa na hotuba yote kichwani, ya mababu, ya vitabu vya parokia, ya mama yule aliyemenya viazi. Kisha nikamwona shangazi akimlaza mtoto begani. Alimshika kwa namna ambayo mtu hamshiki mtoto wa mwenzake. Alikuwa anajishika mwenyewe. Alikuwa anamwambia kwa sauti ndogo, akimpiga piga mgongoni, jina lake, jina lao, mara kwa mara, na alilisema kama mtu anayerudishiwa kitu alichokwisha kukisahau. Hotuba ikaniishia. Nikakaa sakafuni, nikaegemea mguu wa ile meza ya kukatia.

"Ni vizuri," nikasema. Na ilikuwa vizuri. Hapo sikutia chumvi.

"Ni vizuri sana," shangazi akasema.

Tukanywa chai. Mtoto akalala. Nikakumbuka nilichojia, na nikafikiri hakuna ubaya kumaliza utafiti, hata kama ni kwa ajili ya mtoto wa pili.

"Shangazi, yule baba wa baba yako. Aliitwa nani?"

"Kwa nini?"

"Mkanada. Wanataka jina lake la ubatizo."

Binti yangu akaficha uso ndani ya kikombe. Shangazi akanitazama kwa huruma kubwa, huruma ambayo naamini aliitunza tangu ile Jumapili ya sare za zambarau.

"Papa, unajua mwaka mzima huu hujaniuliza swali hata moja?"

"Nimeuliza mengi. Nimeyaandika hapa."

"Umeuliza ndevu. Umeuliza baridi. Hukuuliza baba alifanya kazi gani."

Swali la mama wa Kanada lilikuja likasimama mbele yangu kama karani.

"Na kama ulijua," nikasema, "mbona hukuniambia?"

"Ningesemaje? Jina langu nalo lilikuwa linasubiri nafasi hiyo hiyo. Ningekuvunjia la kwako, ungesema mwanamke mzee anabomoa ili apite. Na ulikuwa na furaha sana, papa. Ulikuwa unatembea bila sweta. Sasa mimi nimeshaandikwa, hakuna wa kunifuta. Sasa naweza kukuambia."

Akampitisha mtoto mkono wa kushoto ili wa kulia uwe huru, kama afanyavyo akitaka kumweleza mteja kipimo. Aliongea taratibu, kwa sauti ya kawaida, na kwa kuwa nambeba baba yake, hayo yote aliniambia mimi mwenyewe usoni.

"Hukutoka Kanada. Baba yako alikuwa mkulima wa Kasenga, hata meli hakuiona. Wewe ulikuwa unashika ufunguo wa bomba la maji kwenye kambi ya wafanyakazi. Asubuhi unafungua, akina mama wanapanga ndoo, jioni unafunga. Zamani kambini bomba tuliliita fontaine. Watu wakakuita hivyo kwa sababu ya bomba, na padri akaandika alichosikia: fulani aitwaye Fontaine. Ni hivyo tu, papa. Fontaine ni bomba."